Maji Mashavuni

Mwanafunzi mbaya kuliko wote niliowahi kufundisha alikuwa na wajukuu tisa, ng'ombe mmoja na meno ya kuhesabika. Kila siku saa kumi na moja jioni aliketi kwenye kigoda mlangoni pa jikoni lake, kule Musanda, akaweka karai la mahindi ya kupukuchua katikati ya miguu, na hapo akawa ameingia Gredi ya Pili. Alikuwa ameirudia Gredi ya Pili miaka na miaka, na hakuwa na haraka yoyote ya kwenda ya Tatu.

Tulimwita Kukhu, ambalo huku kwetu magharibi ndilo jina la nyanya. Jina alilopewa na wazazi wake nililiona mara moja tu, kwenye kadi ya kliniki iliyochomekwa ukutani, na sitalitaja hapa, maana angeniuliza ni nani amenituma. Kando ya nyumba yake palikuwa na chumba cha mabati, na shule ya msingi iliyo ng'ambo ya mashamba ya miwa ilikuwa imezoea kumletea walimu wanafunzi wa chuo cha ualimu wakae humo wakati wa mazoezi ya kufundisha. Sharti lake lilikuwa moja. Somo lolote utakalolifundisha kesho kule shuleni, umfundishe yeye kwanza leo.

Nilifika kwake na begi moja, karatasi za manila zilizoviringishwa, na mfuko wa vifuniko vya soda vya watoto kuhesabia. Alichungulia ndani ya mfuko, akavikoroga vile vifuniko kwa kidole.

"Hii yote umekunywa wewe?"

"Hapana, Kukhu. Ni vya kufundishia. Mimi ni mwalimu wa..."

"Sijauliza kama ni mwalimu. Wewe ni wa chuo?"

"Ndiyo, wa chuo. Lakini kule shuleni wataniita mwalimu."

"Wao wakuite vile wanataka. Mimi hilo jina nitakuambia siku yake ikifika."

Kuanzia hapo jina langu likawa "we wa chuo". Aliniita hivyo kwenye chakula, aliniita hivyo kanisani mbele ya mchungaji, na hata pale alipojifanya mtoto wa miaka saba, akiwa amekunja miguu na kunyonya kidole, bado alisema "we wa chuo".

Na kujifanya alijua. Kila jioni, kabla sijafungua andalio langu la somo, alitangaza yeye ni nani siku hiyo. "Leo mimi ni yule ametoka kwao bila chai." Basi huyo hakusikia lolote, macho yake yalikuwa kwenye sufuria tangu nisalimie darasa hadi nifute ubao. "Leo mimi ni yule anajua kila kitu." Huyo ndiye niliyemchukia zaidi, kwa sababu alinisahihisha hata pale nilipokuwa sawa. Kuna siku alikuwa mtoto wa mwalimu mkuu, nikaogopa kumkemea, na aliponiona nimeogopa kweli alicheka hadi mahindi yakamwagika. Siku nyingine alisema, "Leo mimi ni yule wa kulala," akalala usingizi wa kukoroma, nami kwa ujinga wangu nikaendelea na somo la usafi wa meno, nikimfundisha ng'ombe.

Somo likimchosha aliinua mkono.

"We wa chuo, naomba ruhusa niende nje."

Chuoni tulikuwa tumeonywa kuhusu jambo hilo. Ukimruhusu mmoja, darasa zima litaumwa na tumbo. Kwa hiyo nilimjibu kama nilivyofunzwa, "Subiri kipindi kiishe." Aliinuka akaenda zake. Mara nyingine alirudi baada ya kukama ng'ombe, mara nyingine hakurudi kabisa, na nikimuuliza kesho yake alisema choo kilikuwa mbali. Choo kilikuwa hatua ishirini kutoka pale kwenye kigoda.

Msidhani alikuwa mtakatifu wa kijiji. Alikuwa mwizi wa chaki. Niliondoka chuoni na paketi mbili, nyeupe na ya rangi, na wiki ya pili ile nyeupe ilikuwa imebaki nusu. Jumapili asubuhi nikamkuta nyuma ya jikoni akipaka raba zake za kanisani chaki iliyolowa, zinang'aa kama zimetoka dukani.

"Kukhu, hiyo ni chaki yangu?"

"Hii? Hii niliokota."

"Uliokota wapi?"

"Kwa chumba chako."

Tulipofika kanisani aliketi mbele kabisa, raba mbele ya madhabahu, akalala kuanzia zaburi hadi sadaka. Na mwizi wa miwa pia alikuwa. Trekta za kubeba miwa zikipanda ule mlima wa karibu na kwake huwa zinatambaa, na watoto wanajua kuvizia nyuma wavute muwa mmoja mmoja. Kukhu alisimama barabarani akawapigia kelele kwamba wizi ni wizi, ukianza na muwa utamaliza na ng'ombe wa watu. Watoto walitawanyika. Trekta ya pili ilipopita aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akavuta wake mrefu, akaufunika na leso. Niliuona ule muwa jikoni jioni hiyo. Alinipa kipande, nikala, na hakuna aliyetaja trekta.

Sasa niseme nilichokuwa nakiogopa, maana bila hilo haya yote ni porojo. Mama yangu alifundisha watoto wa chekechea Kakamega mjini, karibu na soko, tangu mimi sijazaliwa. Alikuwa hodari, watu wazima wenye ndevu walikuwa wakimsimamisha njiani kumsalimu kwa wimbo aliowafundisha. Ndipo siku moja akaitwa ofisini akaambiwa nafasi yake inataka mtu mwenye cheti. Alirudi nyumbani na sanduku la vikaragosi vya kitambaa, akalisukuma chini ya kitanda, na hatukulizungumzia. Nilipopata nafasi ya chuo aliniambia neno moja tu pale stejini: "Usirudi bila karatasi." Hakuwa anatania. Mama hataniangi juu ya kazi.

Na hiyo karatasi nilikuwa naikosa. Mazoezi ya kufundisha yana ukaguzi mara tatu, mara mbili wanakuja wakufunzi wa chuo, mara ya mwisho anakuja mtahini kutoka nje ambaye hakujui wala hana huruma nawe. Ukianguka kwa huyo, unarudia mazoezi mwaka unaofuata na diploma inakungoja huko mbele. Mkufunzi wa kwanza alikaa nyuma ya darasa langu dakika thelathini, kisha akaniandikia: "Mwalimu anauliza maswali na kuyajibu mwenyewe." Wa pili alikuja baada ya wiki tatu. Aliandika: "Bado."

Walikuwa wakweli. Nikiuliza swali na watoto arobaini wakanyamaza, mwili wangu ulikuwa unawaka. Nimekulia nyuma ya soko, sijui kukaa mahali pasipo kelele. Niliona ule ukimya kama hukumu, kwamba hawajui kwa sababu sikuwafundisha, na kabla mtoto hajapumua mara mbili mimi nilikuwa nimeshajibu, nimejipongeza, nimeenda kwa swali lingine. Darasa lilinipenda. Hawakuwa na kazi ya kufanya.

Siku ile karatasi ya pili ilipokuja, sikumwambia Kukhu chochote. Nilikunja uso, nikafungua daftari, nikaanza kumfundisha kujumlisha.

"Nina mahindi manne, nikiongeza matatu nitakuwa na ngapi? Saba! Vizuri sana. Nikiongeza..."

"Ngoja kwanza," akasema. Hakuwa mtoto yeyote jioni hiyo, alikuwa yeye. "Wewe umeniuliza?"

"Ndiyo."

"Ukishaniuliza, hilo swali ni la nani?"

Nikatazama daftari.

"Ni langu. Umenipatia. Sasa mbona unaninyang'anya? Mimi nimekuja hapa kufanya nini, kukuangalia ukila?"

Nikaanza kujitetea, kwamba watoto wanachelewa, kwamba kipindi ni kifupi, kwamba chuoni walisema. Alikuwa ameshaingia ndani. Alitoka na kikombe cha maji ya mtungi, akanipa.

"Uliza. Halafu jaza mdomo, na usimeze mpaka nikuambie."

"Kukhu, tafadhali."

"Uliza."

Nikauliza mahindi manne na matatu ni ngapi. Nikajaza maji mdomoni, mashavu yakavimba. Yeye akaangalia mahindi yake. Akapukuchua gunzi moja, akalitupa kwa kuku. Akakuna goti. Machozi yalianza kunitoka kwa hasira, na singeweza kusema hata nusu ya neno. Baada ya muda ambao mimi niliuona kama muhula mzima, akasema polepole, "Saba." Kisha akaongeza, "Meza."

Tuliendelea hivyo kila jioni, na nguvu hizo alizitumia vibaya, niseme ukweli. Nilimuuliza siku za juma ni ngapi, akaenda kumfungua ng'ombe. Nilimuuliza jua linachomoza wapi, akaita jirani yake apite wagawane habari za mazishi. Huyo jirani alikuwa muuza dagaa wa omena, mwanamke mwenye sauti ya kufika hadi kiwanda cha sukari. Aliingia bomani na beseni lake kichwani akanisalimu.

"Mulembe, mwalimu."

Nikatikisa kichwa, mashavu yamejaa.

"Huyu ako na nini?"

"Jino," akasema Kukhu, bila hata kuinua macho. "Linamsumbua sana. Hawezi kuongea."

Jirani akanionea huruma hadi akasahau kuuza omena. Nami nimesimama pale, na maji yameanza kupata moto mdomoni, namwangalia Kukhu kwa macho ya kuua. Alipoondoka, Kukhu akasema jua linachomoza upande wa kwa jirani, kisha akasema, "Meza."

Kufikia Jumapili kijiji kizima kilikuwa na habari ya jino langu. Mmoja alileta karafuu, mwingine majani machungu ya kutafuna, mama wa kwaya akaniombea mbele ya watu nikiwa nimefumba macho kwa aibu. Mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniuliza kama ningependa kwenda hospitali kabla mtahini hajaja. Nilimwambia nitavumilia. Ningesema nini? Kwamba nyanya mmoja ananijaza maji mdomoni? Nilirudi nyumbani nikamwambia Kukhu amenifanya mwongo wa parokia nzima.

"Mimi nilisema ni jino," akajibu. "Sikusema ni jino gani."

Na huyo ndiye aliyekuwa akinihubiria kila jioni kwamba mtoto hadanganywi.

Somo langu la mtahini lilipangiwa kuwa Shughuli za Mazingira, mada wanyama wa nyumbani. Walimu wote waliowahi kukaa kwa Kukhu walijua maana yake, maana yake ni kuazima ingokho, yaani kuku, kutoka kwake. Alikuwa na kuku mmoja kishingo, mwekundu, shingo tupu, ambaye alikuwa ameingia darasani mara nyingi kuliko wakaguzi. Kukhu alidai kengele ya asubuhi ikilia yule kuku huanza kutembea kuelekea shuleni mwenyewe. Hilo sikuliona, lakini niliona jinsi alivyotulia nikimfunga kamba mguuni, kama mtu anayevaa viatu vya kazi. Kukhu hakumtoa kwa kila mtu. Aliwahi kumnyima kijana mmoja wa chuo kabla yangu, akamwambia, "Kuku wangu hasikilizangi upuuzi."

Mimi alinipa, lakini akaongeza sharti.

"Nitaenda na yeye. Watoto wa siku hizi wanaangaliaga kuku na njaa."

Kwa hiyo asubuhi ya siku yenyewe tulivuka miwa watu watatu: mimi na karatasi zangu, Kukhu na raba zake nyeupe, na kuku kwapani mwake. Mtahini alikuwa ameshafika. Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye miwani na faili ya kijani, hacheki, hakunji uso. Nilimsikia mwalimu mkuu akimwambia kwa sauti ya chini mlangoni, "Huyu msichana anasumbuliwa na jino, bwana, lakini anajitahidi." Mtahini akaandika kitu. Niliomba Mungu ardhi inimeze, nikaingia darasani.

Mtahini alikaa nyuma upande wa kulia. Kukhu alikaa nyuma upande wa kushoto, kwenye dawati la watoto, magoti yamefika kifuani, mikono juu ya meza kama walivyofunzwa wadogo. Juu ya meza yangu nilikuwa nimeweka kikombe cha maji.

Mwanzo ulikwenda salama. Kuku anatupatia nini, mayai, nyama, manyoya. Kuku anakula nini, mahindi, wadudu, na mtoto mmoja akasema anakula nguo za mamake, tukakubali. Kisha nikamwekea kuku maji kwenye kifuniko cha debe ili watoto waone. Akainama akachota, akainua kichwa juu, akameza. Akainama tena, akainua tena. Watoto wakacheka, wengine wakaanza kumwiga, vichwa juu, vichwa chini, na swali likanitoka ambalo halikuwa kwenye andalio.

"Kwa nini kuku akinywa maji anainua kichwa juu?"

Kimya. Sikulijua jibu, lakini hilo halikuwahi kunizuia kujibu. Tayari nilikuwa na sentensi kwenye ulimi, kitu fulani kuhusu kumshukuru Mungu, nilichokisikia utotoni. Nikashika kikombe haraka, nikajaza mdomo, nikasimama mbele ya Gredi ya Pili mashavu yamevimba.

Nje trekta ya miwa ilipita, ikaisha. Watoto wakaniangalia, wakamwangalia kuku. Mtahini akainua macho kutoka kwenye faili, akaangalia saa yake, akaangalia mashavu yangu. Nilifikiria mama na lile sanduku chini ya kitanda. Nilitaka kumeza kuliko nilivyowahi kutaka chochote. Nikageuka kumtafuta Kukhu anitie nguvu, na nikaona maajabu. Yule mwanamke aliyenitesa na maji wiki mbili alikuwa ameshindwa. Midomo ilikuwa inachezacheza, mkono umeinuka hadi usawa wa sikio, alikuwa karibu kunijibia. Nikamkazia macho nikatikisa kichwa. Akaushusha mkono taratibu, akaukalia.

Ndipo mtoto wa dirishani akasimama. Anaitwa Nekesa, na tangu muhula uanze sikuwa nimewahi kusikia sauti yake isipokuwa akiitika jina.

"Kuku hana mashavu," akasema.

Nikamwashiria aendelee. Nisingeweza kufanya lingine.

"Mwalimu ako na mashavu, ameweka maji ndani na hayamwagiki. Kuku akiweka yatamwagika. So anainua kichwa ndio yashuke kwa shingo."

Watoto wote wakajishika mashavu. Kutoka nyuma upande wa kushoto nikasikia sauti ndogo, "Meza." Nikameza. Nilimwambia Nekesa asante, na sauti yangu ilitoka imevunjika, nikajifanya ni jino.

Jioni karatasi ya mtahini ilikuja kupitia kwa mwalimu mkuu. Niliisomea pale bomani, nimesimama, kwa sababu miguu haikutaka kukaa. Ilikuwa imeandikwa: "Mwalimu anawapa wanafunzi muda wa kutosha kufikiri. Ni mbunifu sana, ametumia hata jino lake linalouma kama kifaa cha kufundishia. Amefuzu. Atibiwe."

Kukhu aliniambia nirudie ile ya jino. Nikarudia. Alicheka hadi akateremka kwenye kigoda akakaa chini kabisa kwenye vumbi na leso yake, akajipangusa macho.

"Hilo jino ulitunze," akasema. "Ndilo limepita mtihani."

"Na wewe, ulikuwa unainua mkono wa nini?"

"Mkono gani? Nilikuwa nafukuza nzi."

Usiku huo kulikuwa na obusuma, ugali wetu, na mboga kama siku zote. Yule kuku alipandishwa kwenye kiota chake na mahindi ya ziada.

Siku ya kuondoka nilifunga mizigo, nikamwachia paketi nzima ya chaki nyeupe. Aliniletea chai ya maziwa nje, na yake kwenye kikombe kile kile cha mateso. Boda alikuwa ananingoja barabarani. Nilikuwa nimejitayarisha kwa wiki nzima kumuuliza, na nikamuuliza.

"Kukhu, sasa mimi ni mwalimu?"

Aliniangalia. Akainua kikombe, akapiga funda kubwa la chai, mashavu yakajaa, akanyamaza. Nikasubiri. Akanisindikiza hadi barabarani na mashavu hivyo hivyo, akanifungia mzigo kwenye boda, akanipungia mkono. Nilipogeuka kwenye kona bado alikuwa amesimama pale, amevimba, hajameza. Nilicheka hadi dereva wa boda akaniuliza kama niko sawa, na tulipofika lami nilikuwa nalia.

Diploma nilipata. Namba ya usajili nilipata. Nilimpelekea mama karatasi zote mbili, akazisoma mbele na nyuma, kisha akainama akavuta lile sanduku chini ya kitanda akanipa vikaragosi vyake. Leo nafundisha upande wa Chekalini, Gredi ya Pili, na juu ya meza yangu huwa kuna kikombe cha maji. Watoto wangu wanajua nikikijaza mdomoni swali limekuwa lao. Walimu wenzangu wanadhani nina meno mabovu.

Kwa Kukhu nilikuwa naenda likizo moja moja, kisha shughuli zikanizidi, kama zinavyotuzidi sote, na sina udhuru. Likizo hii iliyopita jirani wa omena alinipigia simu. Kukhu alikuwa amepigwa na kiharusi tangu mwaka uliotangulia, na hakuna aliyekumbuka kuniambia.

Nilimkuta ameketishwa kwenye kiti cha mbao sebuleni, mto mgongoni, mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake. Mkaza mwanawe ndiye anayemtunza, mama mwema, mchangamfu, mwenye mambo mengi ya kufanya. Nilimsalimu Kukhu.

"Mulembe, Kukhu. Unaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri," akajibu mkaza mwanawe kutoka mlangoni.

"Unakula?"

"Anakula. Uji anapenda."

"Unanikumbuka?"

"Hakumbukangi watu vizuri siku hizi. Ukimwongelesha anaangalianga tu."

Kila jibu lilikuja haraka, kwa upendo, kabla Kukhu hajafungua mdomo. Nikayaangalia macho yake. Mdomo ulikuwa umeanguka upande mmoja, lakini macho yalikuwa yale yale ya nyuma ya darasa, upande wa kushoto, na yalikuwa na hasira. Nilielewa mara moja. Ilikuwa ni mwaka mzima sasa watu wanampa maswali na kumnyang'anya, na iliniuma sana, kwa sababu nami ningeweza kukaa pale saa nzima nikifanya vivyo hivyo kisha niende zangu nikidhani nimemwona mgonjwa.

Nikaomba maji ya kunywa. Nililetewa kikombe. Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake magoti yakigusana.

"Kukhu. Sasa mimi ni mwalimu?"

"Eh, si wewe ni mwalimu huko Chekalini," akaanza mkaza mwanawe. Nikainua mkono kumwomba asubiri. Nikajaza maji mdomoni.

Yule mama alinishangaa. Alimwangalia Kukhu, akaniangalia mimi na mashavu yangu, akavuta kiti akakaa. Nje kuku walikuwa wanaparua. Ng'ombe alilia mara moja. Jicho moja la Kukhu lilisinyaa kidogo, na nikajua ameniona. Akawa hana haraka. Aliangalia dari. Aliangalia dirisha. Mdomo wake ulijaribu kitu, ukakiacha, ukajaribu tena, na nilimwona mkaza mwanawe akiinuka nusu kumsaidia, nikatikisa kichwa. Maji yalikuwa yamepata moto mdomoni mwangu kama zamani. Ilipita dakika, ikapita nyingine, na singeweza kujua kama anatafuta neno au ananitesa tu. Nadhani yalikuwa yote mawili.

Kisha mkono wake wa kushoto, ule mzima, ukainuka kutoka mapajani hadi juu ya sikio, kidole kimoja kimenyooka.

"Mwalimu," akasema. Lilitoka kipande kipande, lakini lilitoka lote. Akavuta pumzi. "Naomba ruhusa. Niende nje."

Mkaza mwanawe akashika mdomo. Alisema ni miezi hajasikia maneno matatu yakifuatana kutoka kwake. Mimi nilikuwa bado siwezi kusema chochote, na machozi yalikuwa yameshafika kidevuni, na upande ule mzima wa mdomo wa Kukhu ulikuwa unacheka, ananingoja.

Nikameza, nikampa ruhusa. Nilimshika kwapa, mkaza mwanawe akashika upande wa pili, na tukaanza kuelekea choo hatua ishirini, polepole kwa mwendo wake.